Msimu Mzima Nyuma ya Siwema

Nimechoka kusimulia. Kila anayesimama mbele ya meza yangu ya viazi hapa sokoni Temeke ananunua kilo moja na maswali matatu: huko kwenye barafu kulikuwaje, mlishika nafasi ya ngapi, na mbona umerudi umekonda wakati ulikwenda Ulaya. Nikimaliza kumjibu huyu, anafika mwingine anataka nianze upya. Basi nimeamua kuandika mara moja. Msome, mpeane, halafu mniache nipime viazi.

Kwa asiyejua, mimi ni Pili. Shuleni nilikuwa narusha tufe, na mwili wa kurusha tufe bado ninao. Siwema ni binti wa mjomba wangu Athumani wa Mtoni, yeye alikuwa mkimbiaji. Alibahatika kwenda nje kujifunza kuendesha bobslei, yaani sleji ya watu wawili inayoteremka kwenye mfereji wa barafu wenye kona nyingi. Aliporudi akatafuta mtu wa kukaa nyuma. Anayekaa nyuma ana kazi mbili: kusukuma kwa nguvu zote mwanzoni na kuvuta breki mwishoni. Katikati anainamisha kichwa, haoni kitu, anamwachia Mungu na dereva. Siwema alisema kazi hiyo inamfaa mtu mzito asiyeuliza maswali. Nikamwambia uzito ninao, hayo mengine tutaona.

Mimi na Siwema ni watani, mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba. Tangu tumejua kuongea sijawahi kumwita kwa heshima wala yeye kuniita mimi. Tunaitana mke mwenza, tunatukanana mbele za watu, na atakayekasirika ndiye mjinga. Bila kulijua hilo hamtaelewa yaliyotukuta.

Pugu, tukisukuma toroli

Mazoezi ya nyumbani tuliyafanyia Pugu, kwenye kipande cha barabara kinachoteremka kuelekea msituni. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea toroli refu lenye magurudumu ya bajaji. Tulilisukuma, tukaruka ndani, likateremka, tukashuka kulipandisha tena. Wapita njia walitupa pole wakidhani gari letu limeibiwa injini.

Mjomba Athumani alikuwa anakuja kututazama siku ambazo cherehani yake haina kazi. Alikuwa fundi nguo, mtu wa kofia safi na maneno machache. Baba yangu alipotukimbia nikiwa mdogo, mjomba ndiye aliyenisomesha na kunishonea sare kwa mikono yake, kwa hiyo kila ninapoandika mjomba, nyie someni baba.

"Nyie watoto," alituambia siku moja, "wenzenu wakiteleza wanaona aibu. Nyie mnaomba watu wawachangie mkateleze?"

"Kuteleza si kuanguka, baba," Siwema akamjibu.

"Aliyesema hivyo hakuwa na barafu."

Masharti ya msimu tuliyopewa na wasimamizi wa mchezo yalikuwa mepesi kueleza na mazito kuyatimiza. Mashindano matatu, kwenye njia tatu za barafu, katika nchi tatu, na yote tuyamalize tukiwa wote wawili ndani ya sleji. Tukiyamaliza, tunaingia mashindano ya dunia msimu unaofuata, na sleji wanayotuazima inabaki kwetu. Likituponyoka hata moja, tunarudi Pugu kwenye toroli. Siku ya kuondoka mjomba alitusindikiza hadi uwanja wa ndege, akatuombea dua fupi, kisha akaniambia pembeni, "Mwangalie mwenzako." Nikamwambia mimi nakaa nyuma, mjomba, sioni kitu.

Dar hadi Lillehammer

Tulikwama kwenye uwanja wa kubadilishia ndege kwa sababu huko mbele theluji ilikuwa imefunga njia. Tulitandika khanga sakafuni tukakaa. Mama mmoja wa Kizungu mwenye sweta la kijani alitutazama muda mrefu, akatuonea huruma, akaja kukaa karibu. Siwema akafungua kopo la visheti tulivyopikiwa na mama yake, akamkaribisha kama mtu anavyokaribishwa. Mama wa watu akala kimoja, akafumba macho, akala cha pili. Kwetu mgeni akila humwambii basi, na kwao nadhani ukikaribishwa unakula mpaka uzuiwe. Visheti vya msimu mzima viliishia pale. Ndege ilipoitwa alitukumbatia, na kopo tupu akaturudishia.

Norwe tulipokelewa na kocha wetu, Marta, mwanamke wa makamo mwenye mgongo ulionyooka na Kiingereza cha mkato. Alitutaka tumwite Marta. Hatukuweza. Mtu wa umri wa mama yako humwiti jina tupu, tukamwita Mama Marta, naye kila tukimwita hivyo alikuwa anageuka kutafuta watoto wake.

Usiku ule wa kwanza alitupikia viazi na samaki. Akaweka mezani, akakaa. Sisi tukasubiri, maana mkubwa hajaanza. Yeye naye akasubiri. Tukatabasamu, akatabasamu. Samaki akaanza kuganda mafuta. Kesho yake ndipo tulipojua kwamba kwao wageni ndio wanaoanza, na alikuwa amejilaza akiwaza kwamba tumechukia chakula chake. Kwa taarifa yenu wateja wangu, viazi vya kule ni vitamu kuliko hivi vyangu, ila chumvi wanaiogopa.

Lillehammer

Mnataka kujua inakuwaje kule ndani. Hakuna cha kuona. Nasukuma, viatu vyangu vya misumari vinauma barafu, Siwema anaruka ndani, mimi naruka nyuma yake, nainama mpaka pua inagusa magoti. Kisha mlio. Kila kona inakukandamiza kiunoni mpaka unahisi umekuwa mfupi. Shingo inauma, meno yanagongana, na huwezi kulia kwa sababu pumzi imeshatolewa. Nahesabu kona kwa mgongo. Zikiisha, navuta breki. Dakika moja hivi, na mwili unakudai siku nzima.

Lakini kabla ya kusukuma tulikuwa na mtindo wetu. Timu nyingine zinapiga kelele, zinajipiga makofi mapajani. Mimi nilimtukana Siwema.

"Haya mke mwenza, sogeza hilo tako la kurithi! Ukituangusha naolewa mimi peke yangu!"

"Nani akuoe, gunia la viazi wewe!" alinijibu, akicheka ndani ya helmeti, na kicheko hicho ndicho kilichompa mbio. Mama Marta aliuliza tunasema nini. Siwema akamwambia ni sala.

Tulimaliza. Tulikuwa wa mwisho, lakini tulifika tukiwa wima na wote wawili ndani. Jioni tulimpigia mjomba video tukamwonyesha theluji. Akaitazama, akauliza kama inafua nguo.

Barabarani kuelekea kusini

Kutoka Norwe hadi Ujerumani tulisafiri kwa gari la mizigo, sleji nyuma na sisi mbele, tukiwa na mtu wa tatu aliyekuwa anashiriki skeletoni. Huo ni mchezo ndugu wa huu wetu, ila mmoja peke yake analala kifudifudi juu ya kisleji kidogo, kichwa kikiwa mbele. Aliitwa Andre, mtu mzima wa visiwa vya Karibi, mzimamoto kwao. Kiingereza chake kilikuwa cha kwao na chetu cha kwetu, tukakutana njiani.

Upepo ulisimamisha vivuko, tukalala bandarini ndani ya gari. Baadaye gari lenyewe likagoma kwenye kituo cha mafuta, na fundi aliyekuja akatazama injini, akaitingishia kichwa, akaenda kula chakula cha mchana. Tulikula mikate yenye jibini asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu kila soseji tuliyoonyeshwa Andre alitufafanulia kwa kuguna kama nguruwe. Siwema alilala begani kwangu akikoroma, nikamwambia Andre kwamba huyu kwao walikataa kumposa kwa sababu ya mkoromo huo. Alikuwa hajalala. Alinifinya mpaka pakawa na alama. Ilikuwa safari ya shida na nilicheka sana, na ndiyo mara ya mwisho kucheka katika msimu huo.

Winterberg

Asubuhi moja Siwema na kocha walikwenda kutembea kwa miguu kwenye njia ya barafu, kama madereva wanavyofanya, kuzisoma kona kabla ya kuziendesha. Mimi nilibaki kwenye banda nikisugua vyuma vya chini ya sleji kwa msasa. Simu ikaita. Alikuwa mama yangu, ambaye mjomba Athumani ni kaka yake wa tumbo moja.

"Pili, uko peke yako?"

"Niko peke yangu. Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa chini."

"Nimekaa," nikasema. Sikuwa nimekaa.

"Kaka yangu katutoka. Mjomba wako hatunaye, Pili. Presha ilimpanda alfajiri ya jana, hospitali hatukufika. Tumeshamzika."

Nilisema Inna lillahi. Mkono mwingine ulikuwa bado unasugua.

"Sasa sikiliza. Siwema asijue."

"Mama, ni baba yake."

"Ndiyo sababu. Msafiri haambiwi msiba njiani, tena kwa simu, tena huko kwenye mabarafu yenu. Akijua atafanyaje? Kaburi limeshafunikwa. Atakuja kuambiwa na baba yake mkubwa, akiwa kakaa kwenye mkeka, kashikwa huku na huku na watu wake. Wewe nimekuambia maana lazima awepo mmoja wa kuziba masikio yake. Simu yake ichunge. Na usilie, atakuona macho."

"Na mie?"

"Wewe nini?"

"Basi, mama."

Andre ndiye aliyenikuta. Nilikuwa nimesimama palepale nasugua sehemu moja mpaka msasa umetoboka. Aliniuliza naumwa nini. Neno la kwanza lililonijia lilikuwa jino. Andre ni mtu mwema, Mungu amlipe, lakini wema wake uliniua. Alizunguka timu zote za skeletoni kuniombea dawa. Nililetewa karafuu, maji ya chumvi, barafu ya kuweka shavuni kana kwamba barafu ilikuwa haitutoshi. Mpaka msimu unakwisha, kila asubuhi alikuwa ananiuliza jino limeamkaje.

Nyumbani walijipanga kuliko jeshi. Lilifunguliwa grupu jipya la msiba, Siwema hayumo. Humo ndimo nilimoona picha za jeneza, turubai mbele ya nyumba, mama Siwema katika nguo za eda. Mtoni nzima ilipewa maneno ya kusema: mjomba yuko shamba Kisarawe, anavuna mihogo, huko mtandao hakuna. Nilisoma pole za watu wote walizopeana, kisha nikarudi chumbani kumwuliza Siwema kama anataka chai. Nilimwambia pia aniachie simu yake hadi mbio zote za msimu ziishe, kwamba inamtoa mawazo. Alinitazama, akanipa bila kubisha.

Nilichukia. Nilimchukia mama kwa kunipa mzigo, nikajichukia kwa kuubeba vizuri. Kuna saa niliona wazee wana haki kabisa: huyu mtu anaendesha sleji kwa kamba mbili alizozishika kwa vidole, wazo moja likimpita kwenye kona tumekufa. Na kuna saa nilijiona mwizi, maana nilikuwa najua habari ya baba wa mtu, na mtu mwenyewe analala kitanda cha pili.

Siku ya mashindano tulisimama juu, mikono kwenye sleji. Zamu yangu ya kutukana ikafika. Nilifungua mdomo. Nilimwona mbele yangu, shingo yake kama ya mjomba, na tusi halikuja.

"Haya dada," nikasema. "Mungu yupo. Twende taratibu."

Siwema aligeuza helmeti, akanitazama kupitia kioo. Kisha akageuka mbele na tukasukuma. Tulimaliza, wa mwisho tena. Hakusema chochote kuhusu mbio zile, na mimi nikashukuru kwamba amechoka.

Innsbruck

Austria kulikuwa na jua, na milima iliyokaa karibu mno. Tulipanga chumba juu ya duka la mikate, tukawa tunaamshwa na harufu nzuri ambayo sikuwa na hamu nayo. Nilikuwa nakonda. Andre alisema ni jino.

Katika mazoezi ya kwanza tulipinduka. Ilikuwa kona ya kushoto, nilihisi tunapanda kupita kiasi, kisha dunia ikawa chini juu na bega langu likawa ndilo gurudumu. Sleji ikipinduka haisimami, inaendelea kuteremka juu chini huku barafu inakuunguza kupitia nguo. Sikukumbuka shahada wala mama. Kilichonijia ni kwamba Siwema akifa leo atakutana na baba yake huko, atamwuliza amefika lini, na watakaa wote wawili wanishangae.

Tulisimama. Tulitambaa kutoka. Siwema alikuwa na damu puani, mimi bega lilikuwa limechubuka vibaya. Kwenye chumba cha daktari, akiwa amekaa na pamba mbili puani, alininyooshea mkono.

"Nipe simu yangu. Nataka kuongea na baba. Nimwambie nimeanguka, anicheke."

Nilimpa, ningefanyaje? Alimpigia mama yake kwanza, akaweka sauti ya nje.

"Mama shikamoo. Baba yupo?"

"Marahaba mwanangu." Sauti ilitoka taratibu, kama mtu anayebeba maji ya kujaa. "Baba yako yuko shamba, mama. Mihogo. Huko simu haishiki."

"Bado tu anavuna?"

"Bado, mama."

"Haya. Akirudi mwambie nampenda."

"Nitamwambia."

Nilitegemea Siwema atabisha, atauliza tangu lini fundi cherehani akavuna mihogo mwezi mzima. Hakuuliza. Alinirudishia simu mwenyewe, akageuka upande wa ukuta. Nikafikiri ni maumivu ya pua.

Mama Marta alitushauri tusishindane. Alisema kuachia mbio moja si aibu, na alisema hivyo akiwa ameshika mkono wa Siwema, jambo ambalo hakulizoea. Lakini kuachia ile moja kulikuwa kuachia zote. Siwema akasema, "Tunashuka." Nikamwambia kama hataki asione haya, hakuna atakayetulaumu, nyumbani watatupenda vilevile. Nilijisikia nikiongea kama mtu anayemfariji mfiwa.

Juu, siku ya mwisho, sikujaribu hata kutukana. Nilimgusa mgongoni. Tukasukuma. Kona iliyotupindua niliihisi inakuja, nikahisi Siwema anaichukua chini zaidi, kwa upole, kama mtu anayepitisha kitambaa cha hariri kwenye cherehani. Tukatoka wima. Nikahesabu zilizobaki kwa mgongo. Njia ikaanza kupanda, nikavuta breki kwa mikono yote miwili, na sleji ikasimama.

Dereva ndiye anayetoka kwanza. Siwema hakutoka.

"Baba kazikwa wapi?" aliuliza bila kugeuka.

Watu wa pale chini walikuwa wanatupungia tushuke, sleji nyingine inasubiri juu. Nilikuwa bado nimeshika breki.

"Chang'ombe," nikasema.

"Alisumbuka?"

"Alfajiri moja tu. Mama anasema hakusumbuka."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Nikamwuliza nani kamwambia.

"Nani aniambie? Uliponipa simu kwa daktari niliona grupu la ukoo limenyamaza, na ukoo wetu haujawahi kunyamaza. Lakini hilo ningelipuuza. Ni wewe, Pili. Kule Winterberg uliniita dada. Toka siku hiyo hujanitukana hata kidogo. Unanipikia chai, unanipa pole, unaniambia taratibu. Nikasema moyoni, huyu kaniona yatima." Alivuta pumzi. "Kila asubuhi nilikuwa nakusubiri. Nilikuwa naomba Mungu unitukane tusi moja tu, nijue nimekosea na baba yupo. Hukunitukana."

"Si ungeniuliza?"

"Ningekuuliza ungelia. Mie nina kamba, wewe una breki. Mmoja wetu akilia kule juu tunakufa wote."

Alivua helmeti, na macho yake yalikuwa makavu.

"Nyumbani usiwaambie kama najua," akasema. "Baba mkubwa atakuwa kajiandaa, maskini. Mwache aniambie."

Tuliposhuka watu walipiga makofi. Kumbe hatukuwa wa mwisho, timu mbili zilikuwa zimepinduka kabla yetu. Andre alitukumbatia, kisha akanishika shavu na kuniuliza jino.

Innsbruck hadi Mtoni

Safari ya kurudi sina mengi ya kuisimulia, ingawa ilichukua muda mrefu kuliko ya kwenda na begi langu lilibaki mahali ambapo mpaka leo sijui ni wapi. Siwema alikaa dirishani. Mara moja tu alisema, "Cherehani wasiiuze," nikasema hawataiuza.

Mtoni walitupokea kwa utulivu uliopangwa. Hakukuwa na vigelegele. Tulipewa maji, tukapewa wali na samaki wa nazi, na wakubwa wote wakatazama Siwema anakula. Alikula. Sijui aliwezaje, lakini alijua kwamba wasingeanza kabla hajala. Kisha akaitwa ndani, akakalishwa kwenye mkeka, mama yangu kulia na jirani yao kushoto wakamshika mikono.

Baba yake mkubwa, Mzee Shomari, akakohoa. "Mwanangu, safari ni hatua. Ulipoondoka baba yako ulimwacha mzima."

"Nilimwacha mzima, baba."

"Akaja akashikwa na homa kidogo. Tukamwuguza." Mzee akamsogelea kidogo. "Mungu naye ana hiari yake, mwanangu. Sisi tulimpenda, Yeye akampenda zaidi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, namtazama Siwema usoni. Alimfuata mzee hatua kwa hatua, kama hajui inakokwenda njia, mpaka mzee alipofika mwisho. Ndipo akapiga ukunga ambao sijawahi kuusikia kwa mtu. Wale kina mama walimshika barabara. Hakuna aliyeigiza pale. Alikuwa ameuweka ule ukunga tangu Ujerumani, akauleta mpaka kwa wenyewe.

Watu walimpa pole Siwema, wakampa pole mama yake, wakampa pole mama yangu. Mimi nilikuwa nabeba sinia. Kila aliyepita kwangu aliniambia hongera, umemtunza mwenzio. Msiba kwangu ulikuwa jambo la zamani, nilishaambiwa.

Tabata

Nilirudi chumbani kwangu Tabata, nikarudi sokoni. Nilipima viazi. Nyie ndio mlionikuta hapo na maswali yenu. Nafasi tuliyoipata ni ya mwisho, ya mwisho, na ya tatu kutoka mwisho, na sleji imebaki kwetu, na msimu ujao nikijaliwa nitakwenda. Lakini kulia nilikuwa sijalia. Nilijaribu usiku nikiwa peke yangu, haikutoka. Nilijiona nina moyo wa jiwe, mtu kanilea na kunishonea sare, nami nimekauka.

Jumapili iliyopita Siwema alibisha hodi. Alikuja na mama yangu, na mkeka kwapani. Sikuelewa. Nilianza kutafuta vikombe, akaniambia niache. Alitandika mkeka katikati ya chumba, akanikalisha. Mama akakaa kulia kwangu, akanishika mkono. Siwema akanipa maji ya kunywa, akasubiri nimalize, kisha akakaa mbele yangu.

"Pili," alisema, "ulipoondoka mjomba wako ulimwacha mzima."

"Siwema, unafanya nini?"

"Nijibu."

Nikamtazama mama. Mama alikuwa anatazama chini, machozi yanamdondoka kwenye khanga.

"Nilimwacha mzima," nikasema.

"Akaja akashikwa na homa kidogo. Tukamwuguza."

Nilikuwa najua kila neno linalokuja. Nilikuwa nimelisoma kwenye grupu, nimelala nalo, nimeteremka nalo kwenye barafu. Alipofika pale pa kusema mjomba wako hatunaye, kifua kilifunguka, nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, mama kanishika huku na Siwema kanishika huku, mpaka jirani wa chumba cha pili akaja mbio na mwiko mkononi kuuliza kumetokea nini.

"Amefiwa na mjomba wake," Siwema akamjibu. "Ameambiwa leo."